Funguo za Bibi Salma na Godoro la Shangazi

Bawshar, Maskati

Kaka yangu Bakari,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakupa heshima yako yote hapa mwanzoni kwa sababu huko mbele naweza kujisahau. Kifua chako kinaendeleaje? Wifi aliniambia umekohoa msimu mzima wa mvua na dawa ya hospitali hutaki, unataka tangawizi. Watoto je, na duka? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Joto limeanza, milima hii myeusi inashika jua mchana kutwa halafu inaturudishia. Ila moyo wangu haujatulia, na wewe ni mmoja wa wanaoutikisa.

Nimeshika karatasi kwa sababu jumbe za sauti nilizokutumia kwenye simu hujazifungua hata moja. Barua hii anakuletea mwenzangu wa Korogwe anayerudi likizo, na nimemwapiza akupe mkononi, asimwachie mtu dukani. Isome mpaka chini. Usikunje uso, najua umeshaukunja.

Bibi Salma amefariki. Unamjua kwa hadithi zangu, yule mama yake Bwana Khalfan tajiri yangu, mzaliwa wa Unguja aliyekuja huku akiwa mwanamwali na Kiswahili chake hakijachuja, ambaye kila nikifungua mdomo alinicheka kwamba Waswahili wa Muheza tunaongea kama tunagombana. Siwezi kumsingizia. Hakunitukana, hakuninyima usingizi, nikiugua aliniuliza nimekula nini. Kutoa tu ndiko kulikomshinda.

Nyuma ya jiko palikuwa na stoo yake. Mablanketi ndani ya nailoni zake, seti za vikombe hazijafunguliwa, masanduku ya tende, udi, vitambaa vya Idi baada ya Idi, na friza iliyojaa nyama mpaka kifuniko kikawa hakikai sawa. Ukimwuliza, atakwambia, "Hivyo vya wageni." Wageni wakija wanapewa kahawa kwenye vikombe vilivyomeguka midomo. Tende zikiingia wadudu, tulizianika juani, tukazipepeta, tukazirudisha. Funguo alizivaa shingoni, anaoga nazo, anasali nazo. Mimi nilikuwa nikicheka kimoyomoyo, nikiona ni uzee tu.

Aliyekuwa hacheki ni Kumari. Huyu ni mpishi wetu, mtu wa Sri Lanka, dini yake ni ya Budha. Mwanamke mnene, mpole, ana Kiswahili cha jikoni alichookota humu humu ndani na kukichanganya na Kiarabu cha kazini. Kila mchana kabla hajatia tonge mdomoni, huchota wali wa kwanza akauweka juu ya ukuta wa nyuma, na kunguru wanaujua wakati huo kuliko sisi. Nilimwuliza kwa nini anafuga wezi. Akasema wali ule si wa kunguru hasa. Ni kuzoeza mkono. Mkono ambao haujazoea kufunguka ukiwa na nguvu, hautafunguka siku ya kukata roho.

Kaka, nimekaa na yule mama jikoni muda mrefu na amenieleza mengi ya kwao. Mali kwao si dhambi. Anasema Budha mwenyewe aliwasifu matajiri waliokula na watu. Ubaya ni kiu, na kiu ya mali haikatwi na mali, inanyweshwa ikaongezeka. Kila unalotenda, wao wanaita karma, unakwenda nalo, na halisahau njia ya kwako. Hakuna wa kukufutia. Hata Budha haokoi mtu, yeye alionyesha njia tu, kutembea ni kwako. Na mwisho wa njia, kwa aliyefika, ni kiu yenyewe kuisha, kama moto uliokosa kuni, akapumzika asizaliwe tena. Hapo pa kuzaliwa tena nilimkatalia. Nikamwambia sisi mtu akifa amekwenda, anangoja hesabu yake kwa Mola wake. Akatabasamu, akasema, "Zen, sawa dada. Lakini mtu ya kushika sana, yeye hapana kwenda mbali. Anabaki karibu na kitu yake."

Wanamwita pereta. Kwenye hekalu la kijijini kwao amechorwa ukutani, na Kumari alipokuwa mtoto alikuwa akipita hapo amefumba macho. Tumbo kama mtungi, koo kama tundu la sindano. Ana njaa na chakula hakipiti, ana kiu na maji hayapiti. Anasimama nje ya ukuta wa nyumba aliyokuwa yake, pembeni ya mlango, akitazama watu wakila, na hakuna anayemwona. Niliyasikia hayo kama hadithi za kutishia watoto.

Halafu Bibi akaanza kupaliwa.

Ilianza na mkate, ikaja kwenye wali, ikaja kwenye uji. Daktari akasema koo linaziba na kwa umri wake hawatamkata. Tumbo nalo likajaa maji, likapanda mpaka kanga ikawa haifungi. Tulikuwa tunampa maji kwa bomba la sindano, tone kwa tone, na mengi yanarudi kidevuni. Siku moja Kumari aliingia na uji, akamwona Bibi ameketishwa kitandani, mikono myembamba, shingo nyembamba, tumbo lile. Akatua bakuli chini, akanivuta mpaka jikoni. "Tumbo kubwa, koo shwaya, ndogo," akaniambia, machozi yanamtoka. "Dada, mimi najua hii. Hii mimi naona ukutani."

Sikucheka tena kaka.

Na bado Bibi alikuwa akiulizia stoo. Hawezi kumeza mate, anauliza friza imefungwa? Bwana Khalfan alimbembeleza, "Mama, nipe mimi funguo, upumzike." Akazifumbata kifuani. "Ntakupa nkishakufa," akamwambia mwanawe. "Na sijafa."

Sasa kwa Kumari, mgonjwa akifikia pale, jamaa humkalia karibu wakamkumbusha mema aliyotoa. Ulimlisha fulani, ulimvika fulani, ulichimba kisima mahali fulani. Ili wazo lake la mwisho liwe hilo, maana wanaamini wazo la mwisho ndilo linalomshika mtu mkono akavuka nalo. Akaniomba nifanye mimi, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili cha kumfikia Bibi. "Wewe sema yeye kitu zuri alitoa. Bass." Nikaona halina ubaya. Shahada angetamkishwa na mwanawe, na mimi kumkumbusha mama wa watu wema wake si ukafiri.

Ilikuwa baada ya alasiri. Bwana Khalfan amekwenda kumpokea shekhe mlangoni, Kumari amesimama miguuni pa kitanda, mimi nimeinama sikioni kwa Bibi. Nikafungua mdomo, nikaanza kutafuta. Niliishi na mwanamke yule, nimemwogesha, nimemsuka nywele, najua upande gani wa mgongo unamuwasha, na sikupata kitu kimoja alichompa mtu. Kumari ananikazia macho, ananihimiza kwa kichwa.

Nikakumbuka barada. Ni lile tangi la maji ya baridi lililopachikwa nje kwenye ukuta wa barabarani, lenye mabomba na vikombe vya minyororo, wapita njia wanywe. Aliliweka marehemu mumewe. Wafagia barabara wanakunywa pale, wajenzi wanakunywa, dereva wa gari la taka hujaza chupa yake. Si Bibi aliyeliweka, lakini nyumba ni yake na umeme ni wake. Nikasema moyoni, Mungu atanisamehe.

"Bibi," nikamwambia, "kumbuka lile barada lako la nje. Watu wanakunywa maji yako. Kila siku wanakunywa, kwenye jua hili, wanakuombea."

Akafumbua macho. Yalikuwa makavu, yameamka kabisa. Nikafurahi, nikadhani limemwingia.

"Barada lile linakwenda bado?" akaniuliza.

"Linakwenda, Bibi."

"Nani kaliwasha?" Sauti ilikuwa imekwisha, lakini kila neno nililisikia. "Kwa umeme wangu? Lizimeni."

Hakusema lingine. Bwana Khalfan aliingia na shekhe, wakamtamkisha, midomo ikacheza, sijui ilicheza na nini. Mola ndiye anayejua, na mimi namwombea. Waoshaji walipokuja walihangaika kumfungua vidole, funguo zilikuwa ndani ya ngumi. Mwanawe alipofungua stoo tulikuta panya wamechimba ndani ya mablanketi mpaka katikati, kwa nje nailoni zinang'aa. Alikaa juu ya sanduku la tende akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Ni kijana mwema. Anatoa kila kitu kwa jina la mama yake, magari yanakuja yanabeba. Kumari anasema ni vizuri, hata kwao walio hai hutoa na thawabu wakampelekea aliyekufa, lakini lazima mwenyewe aipokee kwa kuridhika. Akiona wanatoa, akasononeka, haimfikii. Siku ya kwanza baada ya maziko aliweka wali ukutani kama kawaida, safari hii kwa jina la Bibi. Kunguru walitua kwenye nguzo ya taa, wakautazama, wakaruka. Na jana hivyo hivyo. Wali umekauka pale na hakuna mdudu aliyeugusa.

Usiniambie nimebadili dini. Nasali kama unavyosali, tena huenda nakushinda. Najua roho ya Bibi iko kwa aliyeiumba. Lakini nikitoka kupeleka taka nje, barada lile siwezi kulitazama. Linakwenda bado, sijamwambia mtu alichosema. Linanguruma, linadondosha matone, na mimi nahisi kuna mtu amesimama pembeni ya bomba, koo kama tundu la sindano, anawahesabu watu wanaokunywa kwa umeme wake. Napita upande wa pili wa barabara.

Sasa kaka, nije kwako.

Shangazi Zubeda alinipigia. Hakukulaumu, unamjua, aliniuliza tu kama huku kuna vyandarua vizuri, maana bandani kuna mbu. Bandani kwa nani? Ndiyo akanieleza. Kwamba nyumba ya baba unataka kuigawa vyumba vya kulala wageni, kwamba chumba chake ndicho kinachotazama barabara, kwamba umempa mpaka Mfungo Mosi ahamie lile banda la mkaa. Na kwamba umeshaweka kufuli ukumbini, akitaka kupita kwenda msalani azunguke nje. Yule aliyetulea, Bakari. Na una nyumba yako, una duka, una fremu za stendi. Hao wageni wako wa kulala nao ni wa namna ile ya Bibi Salma?

Nimeogopa. Sikuogopa kwa ajili ya shangazi peke yake, yeye ukimtupa jalalani Mungu atamwokota. Nakuogopea wewe. Tangu siku ile kila nikifagia, kila nikifua, najiuliza, ikifika zamu ya kaka na mimi ndiye niliyeitwa kuinama sikioni kwake, nitamwambia nini? Nimetafuta. Kuna jambo moja ninalo, na ni zuri.

Ulipopata mshahara wako wa kwanza wa utingo. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchicha. Ulikuja toka stendi na godoro kichwani, limefungwa kamba, umeinamisha shingo, majirani wanakutania kwamba umeoa. Ukaliingiza chumbani kwa shangazi, ukang'oa ule mkeka wake na kuutandika kwako. Ukamwambia, "Leo mgongo wako upumzike." Shangazi alilikalia, akawa analipapasa kwa viganja. Wewe ulilala kwenye mkeka ule mwaka mzima, na asubuhi michoro yake ilikuwa shavuni kwako, tukikucheka. Yule Bakari nampenda mpaka leo. Yule ndiye ninayemwandikia.

Hilo nimekuwekea. Nitakwambia siku hiyo, "Kaka, ulimnunulia shangazi godoro." Ila ninachokiogopa ni jibu lako. Naogopa utafumbua macho uniulize, "Lile godoro bado liko chumbani? Litoeni nje."

Msalimie sana wifi, mwambie vitenge nimevipata. Wabusu watoto, hasa yule wa mwisho anayeniogopa kwenye simu. Msalimie Mzee Hoza jirani yetu, na mwalimu wangu wa chuoni kama bado anaona. Salamu za shangazi sizipitishi kwa mtu mwingine, zipeleke wewe. Ingia nazo mpaka chumbani kwake, ukae juu ya lile godoro, ndipo umpe. Na ukimkuta bandani, usimpe kaka. Nirudishie.

Mimi mdogo wako, ninayekutunzia lile moja,

Mwanahamisi