Maji ya Kupozea Kompyuta

Jumatatu, 3 Agosti
Saa mbili asubuhi, ujumbe kwenye simu: funga maji ya mtaa wa juu, fungulia jengo la kompyuta. Nimefunga. Gurudumu la valvu, mizunguko kumi na minne, mkono wangu huu huu. Bosi anasema mashine zile zisipopozwa na maji, simu za mji mzima zitakwama. Sawa. Lakini mtaa wa juu ndiko kiliko kitalu cha miti cha dada yangu!

Alhamisi, 6 Agosti
Siku ya nne. Usiku nafungua, ila msukumo ni mdogo, maji hayafiki juu; asubuhi ujumbe, nafunga tena. Dada kapiga simu, kulikoni? Nikamwambia ni kompyuta, siku hizi inafunga yenyewe, sisi tunaangalia tu. Akaamini. Nani atabishana na kompyuta? Tena akanipa pole, eti mashine zitaninyang'anya kazi. Pole — mimi! Chai imenishinda kwa aibu.

Jumapili, 9 Agosti
Nimempelekea dada madumu mawili. Miche elfu mbili, madumu mawili — kichekesho. Na miche yote imeagizwa na jengo lile lile! Wanataka kuipanda kuzunguka ukuta wao, wapige picha, waonekane wanapenda mazingira. Dada alicheka, akasema hao wanakunywa maji ya miti yao wenyewe. Kisha akaanza kung'oa iliyokufa. Cherehani yake aliiuza ili aanzishe kitalu hiki. Nilitaka kumwambia kuwa anayefunga ni mimi. Nikabeba madumu matupu, nikaondoka.

Jumanne, 11 Agosti
Nimemsihi bosi tuwape mtaa wa juu maji japo saa moja kwa siku. Kasema: wewe funga, kufikiri tuachie sisi.
Nimefunga.

Jumatano, 12 Agosti
Watu wa jengo walifika kitaluni asubuhi na mapema, wakaikataa miche yote. Imenyauka. Wataweka majani ya plastiki, hayo hayaombi maji.
Dada amenipigia. Hakulia, na hilo ndilo linalonitisha. Anakuja hapa chumba cha pampu. Anataka nimwoneshe hiyo kompyuta inayofunga maji, aione kwa macho yake, ajue mbaya wake ni nani.
Saa nne sasa. Ujumbe umeingia tena: funga. Nimezungusha mara saba, nikaacha, nikachukua daftari hili. Namwona dirishani, anavuka barabara, mche mkavu mkononi.
Hakuna kompyuta humu ndani. Kuna gurudumu la chuma, kiti na mimi.
Anabisha hodi —