Nilivyomsemea Mama

Maisaka, Babati
12 Agosti 2006

Mpendwa dada Devotha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tabora, wewe, shemeji na watoto. Sisi tupo. Mahindi tumevuna, maharage yametuangusha. Mama anatembea, ila presha bado inampanda.

Umeuliza kwa nini ametoka kwenye ule utafiti wa dawa ya presha, wakati nilikuandikia kwamba aliingia kwa moyo mmoja. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Siku ya kwanza Daktari Bushiri alitueleza kwa upole kwamba wengine watapewa dawa mpya na wengine ya kawaida, na hata yeye hatajua nani kapewa ipi. Damu itachukuliwa kila wiki mbili. Asiyetaka akatae tu, matibabu yake yataendelea kama zamani. Kiswahili cha mama unakijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kiiraqw. Akaweka dole gumba kwenye fomu, nami nikatia sahihi ya shahidi.

Baada ya miezi mitatu akaja muuguzi mpya, Severine, mtu wa Dareda. Mama alipoona sindano akalalamika, mimi nikamwambia daktari kwamba anashukuru. Severine akaacha kuandika, akaanza kuzungumza na mama kwa Kiiraqw. Siku hiyohiyo mama akatolewa. Daktari hakunifokea, na heri angenifokea.

Dada, mama hakukubali hata siku moja. Siku ile ya fomu alisema hataki damu yake ichukuliwe, apewe vidonge vyake arudi nyumbani. Nikamwambia daktari amekubali. Mama nikamwambia dole ni la kadi mpya ya kliniki. Nilimwona baba akianguka kwa presha shambani Mutuka, nikaogopa, tena nikajiona na kidato changu cha nne najua kuliko mama. Najuta sana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama hajanigombeza. Ila amekataa kurudi kliniki na mimi, na Severine amehamishwa. Vidonge vimebaki vya wiki mbili. Hata kwa padri, Jumapili alikwenda na jirani yetu Rosalia.

Jana nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, “Mwambie Devotha aje anipeleke hospitali. Huyu sijui huwa anawaambia nini watu.”

Nimeyaandika kama alivyoyasema, dada. Safari hii sikubadilisha neno.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Felix