Maua Sita kwa Aliye Hai

Jumatano, 6 Mei

Nimeambiwa nimepoteza aura. Mimi! Mezani, mbele ya mwanakondoo wa sikukuu ya Mtakatifu Georgi, bado hata sijakaa vizuri. Nimemwaga chumvi kidogo kwenye kitambaa, Yoana akatikisa kichwa: "Bibi, umepoteza aura elfu moja." Nikamuuliza aura ni dude gani. Ati ni ile heshima mtu anayotembea nayo bila kuonekana. Ukifanya jambo la maana inapanda, ukijikwaa mbele za watu inashuka. Na anayehesabu ni nani? "Kila mtu, Bibi." Kila mtu! Kumbe nimeishi miaka sitini na nane nahesabiwa na sina habari.

Ndiyo lugha ya nyumba hii siku hizi. Sigma — mtu anayejiendea zake, hababaiki na yeyote. Skibidi — kizuri, kibaya, choo, chochote kile. Nimeuliza mara tatu, nikapewa majibu matatu. Na nikitaja namba yoyote, hata bei ya kabichi, mtoto ananyanyua viganja, kimoja juu kimoja chini, kama anapima nyanya sokoni: "Sita-sabaaa!" Kwa Kiingereza, tena kwa kuvuta. Maana yake? Hakuna! Watoto wa dunia nzima wanapigia kelele namba isiyo na maana!

Mimi nilikuwa natangaza treni hapa stesheni ya Ruse. Nikisema reli ya sita, ni ya sita. Ningesema sita-saba, abiria wa Varna wangeamkia Sofia.

Na leo tarehe sita, kesho saba. Wameingojea wiki nzima. Kesho darasa litapasuka.

Leo pia ni siku ya jina ya mwalimu wa darasa la Yoana, Gergana Kandilarova; kila mwenye jina litokalo kwa Georgi hupongezwa leo. Shule imefungwa, kwa hiyo maua atapelekewa kesho. Nimenunua bozhuri saba nyekundu, kubwa kama ngumi, ziko kwenye ndoo bafuni. Mwanamke huyu simpendi sana, ana midomo ya kubana, lakini ndiye anayepanga gwaride la tarehe 24, sikukuu ya herufi zetu za Kibulgaria. Yoana atabeba Ж. Ameichora mwenyewe kwenye kadibodi, miguu yake yote sita imenyooka. Na mama yake, Desi wangu, anakuja kutoka Uhispania kwa ajili hiyo tu. Miaka miwili hajamwona mwanawe ila kwenye simu! Anatunza wazee wa watu huko Zaragoza, na ruhusa ameipata kwa kulia.

Alhamisi, 7 Mei, asubuhi

Nyongo imenipanda na hata kahawa sijanywa. Mzee Stamen wa ghorofa ya kwanza amefariki. Tangazo lake la msiba limebandikwa jana jioni kwenye mlango wa jengo, na ile picha yake ya zamani ya masharubu. Mtu mwema sana. Baiskeli ya Yoana alikuwa akiitengeneza yeye. Sasa narudi na mkate, naona chini ya tangazo kumechomekwa ua. Bozhuri. MOJA! Nani huyo? Nani katika nchi hii hajui kwamba aliye hai hupewa maua matatu, matano, saba, na wafu ndio hupewa mawili, manne, sita? Hata mlevi anajua! Nimerudi sokoni kwa miguu hii mibovu, nimenunua la pili, nimelichomeka kando yake. Angalau marehemu apumzike bila kudhihakiwa.

Alhamisi, jioni

Ni Yoana! Lile ua ni la Yoana!

Kandilarova amepiga simu saa nane, sauti inamtetemeka. "Bi Zlatka, mjukuu wako ameniletea maua ya kaburini. Kwenye siku ya jina langu." Sita. Mtoto alipita mlangoni, akamwona Mzee Stamen kwenye karatasi, akachomoa ua moja akampa, akaenda shule na yaliyobaki. Mwalimu akapokea, akahesabu kwa jicho kama sisi sote tunavyohesabu, akasema, "Sita?" Na darasa zima, viganja juu chini: "Sabaaa!"

Kandilarova alimzika mama yake Februari. Bado anavaa nyeusi. Akalia palepale, maua mkononi. Na mmoja wao akapiga video! Mchana ilishazunguka mji, chini yake imeandikwa: aura, toa elfu kumi.

Nimemkalisha Yoana jikoni. Kwa nini ulichomoa? "Mzee Stamen hakuwa na ua hata moja, Bibi. Na Mwalimu alikuwa na mengi." Hukujua? "Kujua nini?" Kujua nini! Ana miaka kumi na moja, anajua sigma, anajua skibidi, hajui idadi ya maua! Nimepiga meza mpaka vikombe vikaruka. Halafu nikavirudisha mahali pake, maana jambo hili hakuna anayelifundisha. Mimi sikufundishwa. Mtu unazaliwa, unakuta mama anahesabu.

Ametolewa kwenye gwaride.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda shuleni. Nimevaa koti la heshima, nimepaka rangi midomo, nimejiapiza kutofoka. Nimeweza dakika mbili!

Nimemweleza Kandilarova yote, mwanzo mwisho: tangazo, mlango, mzee, baiskeli. Amenisikiliza mikono imefungwa kifuani. Kisha: "Ua moja kwa marehemu, sita kwangu. Bi Zlatka, unataka niamini mtoto wa Kibulgaria amekosea pande zote mbili kwa siku moja?"

Ndiyo! Ndivyo hasa! Lakini kila nikieleza, hata mimi nikajisikia kama natunga. Ukweli wenyewe ndio uliosikika mzaha kuliko uongo.

"Hakujua," nikasema.

"Na kelele zile? Sita-saba? Hawakujua pia?"

"Zile hazina maana."

"Hazina maana!" Akacheka, cheko la kuchubua. "Mama yangu yuko chini ya udongo, watoto wananichekea usoni, halafu naambiwa hazina maana."

Hapo akanikata maini kidogo, lazima nikiri. Yale macho yalikuwa mekundu kweli. Lakini akaendelea: Yoana atarudishwa gwarideni akisimama mbele ya darasa aseme kwamba alifanya makusudi na anaomba radhi.

Makusudi! Ebo! Nikauliza na yule mpiga video je? Ati haijathibitishwa ni nani. Haijathibitishwa! Kila mtoto anamjua, mpaka mama muuza mikate pale langoni anamjua. Ndiye atakayebeba A! Herufi ya kwanza kabisa, mbele ya bendi!

Nimefoka. Nimesikika mpaka uwanjani. Sauti ya stesheni haijaniacha.

Jumanne, 12 Mei

Ж kapewa Kaloyan. Kaloyan asiyejua kufunga kamba za viatu! Yoana anasema jana kwenye mazoezi aliishika kichwa chini miguu juu na hakuna aliyegundua. Akacheka. Halafu akaenda chumbani, akajifungia.

Jumapili, 17 Mei

Mvua. Bamia zimeungua kwa sababu ya ubishi.

Nimemwambia: sema tu hilo neno, yaishe, mama yako amekwishakata tiketi. Amenitazama kwa macho ya marehemu babu yake. "Nikisema nilifanya makusudi nitakuwa mwongo, Bibi. Pole nitampa. Hata mara mia. Lakini makusudi, hapana."

Nimejawa na hasira na fahari pamoja, sikujua nimpige au nimbusu. Nimemwongezea bamia zilizoungua.

Nikamuuliza tena hiyo sita-saba. Safari hii bila kugomba. Akafikiri. "Haina maana, Bibi, ndiyo raha yake. Mmoja akisema sita, mwingine akisema saba, mnajua mko pamoja." Basi? "Basi." Nikamwambia siku Mwalimu aliposema sita, alidhani ninyi wote mko pamoja, na yeye yuko peke yake. Alichezea chumvi mezani mpaka nikamwambia aache.

Desi amepiga simu jioni. Anauliza shati jeupe linamtosha? Linamtosha, nikasema. Nimelipiga pasi. Hatujamwambia kitu.

Ijumaa, 22 Mei

Desi amefika! Amekonda, mikono yake imekuwa mikavu kama ya mfua nguo. Pale kituo cha mabasi kamkumbatia mtoto, akasema kwa kujikakamua: "Sigma wangu!" Masikini — amejifunza maneno haya huko Zaragoza kwa mjukuu wa yule bibi anayemtunza, usiku usiku, ili awe na la kuongea na mwanawe. Yoana akafa kwa kicheko: "Mama, hilo limeshazeeka!" Kisha akaanza kulia, akashindwa kuacha, na yote yakatoka palepale mbele ya madereva.

Nyumbani ikawa vita. Desi: "Mama, aseme tu, ni neno tu! Nina siku nne. Nimekuja kumwona anatembea na hiyo herufi, si kumwona anashinda kesi." Mimi: thubutu! Mtoto wangu aseme uongo ili mtu mzima atulie? Yeye: "Mtoto wako?" Alisema pole baadaye, akiosha vyombo, amenipa mgongo. Nami nikasema pole. Lakini limesemwa.

Jumamosi, 23 Mei

Desi kamwomba Yoana kwa upole. Hapana. Kwa ukali. Hapana. Sasa Desi mwenyewe anasema kesho ataenda kumwona huyo mwalimu uso kwa uso, na mtoto avae shati jeupe, liwalo na liwe. Huyo ndiye binti yangu!

Jumapili, 24 Mei

Naandika benchini, kwenye korido ya shule, nje ya chumba cha walimu. Nisipoandika nitapiga kelele.

Gwaride linajipanga uwanjani. Bendi inajaribu ngoma. Kupitia dirishani naona herufi zote juu ya vijiti, na ile Ж ya Yoana inayumba kama ina homa. Kaloyan anakuna nayo mgongo! Anakuna mgongo na herufi ya mtoto wangu!

Desi yuko ndani na Kandilarova. Mlango umefungwa. Mwanzo zilisikika sauti, sasa kimya, na kimya ndicho kinanimaliza. Yoana amekaa kando yangu, shati jeupe, magoti pamoja. Mimi nimepakata maua. Leo kila mwalimu hupewa, na huyu naye, hata kama moyo hautaki. Desi alinunua waridi tano jana. Mimi nilikuwa nimechukua bozhuri tatu asubuhi, kwa siri, kila mmoja na lake. Tulipokutana mlangoni tukacheka, tukayafunga pamoja kwa utepe mmoja, yaonekane yametoka nyumba moja.

Yoana anayatazama. Midomo inamcheza.

"Bibi. Ni nane."

Nini?

"Nane. Tano na tatu."

Mungu wangu! Nane! Mimi, niliyerudi sokoni kwa ajili ya ua moja la marehemu! Mimi niliyepiga meza! Wanawake wawili wazima, kila mmoja kahesabu lake sawasawa, na kwa pamoja tumefunga shada la mazishi. Tungempa. Ningemkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe!

Yoana hacheki. Hasemi habari ya aura. Amelegeza utepe taratibu, amechomoa bozhuri moja, yakabaki saba. Nikamwambia tumpelekee Mzee Stamen tukirudi.

"Hapana, Bibi, hayo yake ni mawili. Yatakuwa matatu."

Akalitafutia mahali. Akanichomekea kifuani, kwenye tundu la kifungo cha koti.

"Hili lako. Moja, kwa sababu uko hai."

Kiti kimeburuzwa ndani. Nyayo. Yoana amesimama, amenipokonya maua, ameyashika mwenyewe kwa mikono miwili. Kitasa kinazunguka. Ni Kandilarova, amevaa nyeusi, nyuma yake Desi, na usoni mwao siwezi kusoma kitu, si huku si kule. Mwalimu hamtazami mtoto. Macho yameenda moja kwa moja kwenye maua. Anahesabu. Hajifichi, midomo inatembea kabisa — tatu, nne, tano, sita —