Baba Yuko Dunguni na Ni Mwezi wa Juni

Mpendwa Bi Ottilie,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya duka la mbegu, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika baba asinione, na naomba unisamehe mwandiko, karatasi nimeiweka juu ya usukani, na sina wa kumwambia kwa kuwa wa kumwambia ndio haohao nilioahidi nisiwaambie.

Nina miaka arobaini na tisa, naishi na baba yangu Orville, mzee wa miaka sabini na saba aliyeendesha gari la kuondoa theluji katika barabara za wilaya hii miaka thelathini na miwili, na tangu mama afariki nimerudi kukaa naye kwenye ekari zetu themanini za msitu na kinamasi. Wewe ni wa hukuhuku, unajua mambo yetu: msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni siku tisa tu za Novemba, lakini sisi tunauishi mwaka mzima, Machi theluji ikiyeyuka tunazunguka kutafuta pembe zilizodondoka tujue ni dume yupi amevuka baridi, Aprili tunakagua mikanda inayoshikilia mitini madungu, yale majukwaa ya kuwindia, Mei tunamwaga chokaa ya kurutubisha udongo, Juni tunapanda klova, majani ya malisho ya kuwavuta wanyama, na katika yote hayo mkuu wa kazi ni baba, hapigi mtu msumari kabla mzee hajauliza upepo unatoka wapi.

Sasa niungame. Mwaka huu niliona mambo nikayafumbia macho. Machi baba alipotea ndani ya ardhi yake mwenyewe, akatokea kwenye barabara ya upande wa pili baada ya muda wa saa tatu, akasema alikuwa anafuata nyayo, nami nikacheka. Aprili aliufunga mkanda wa dungu kinyume, yeye aliyetufundisha sote kuufunga, na nilipokanyaga ngazi ikateleza na mimi, nikashuka, nikaufunga upya, sikumwambia yeye wala kaka yangu Curtis anayekaa mjini. Nilijiambia ni uzee, nani hazeeki.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu nilimwacha sebuleni na kahawa yake, redio ikitangaza besiboli, nikaenda peke yangu kwenye uwazi wa kaskazini kupanda upya klova mahali ilipokufa, mfuko wa mbegu nimeuning'iniza kifuani, nikatembea nikirusha mbegu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake kilekile, ila suruali yake imelowa umande mpaka magotini, nikamuuliza, akasema alitoka kidogo kuangalia nyanya, tukala mikate yetu na nyama ya nguruwe, tukazungumza habari za bata mzinga niliyemwona na vifaranga wake, siku ikapita.

Jumanne hii ndipo nilipokwenda kuchukua kadi ya kamera ya porini, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita mbele yake, tuliyoifunga kwenye mti ukingoni mwa uwazi huohuo. Nikaiweka kwenye kompyuta mezani jikoni, nimejimiminia kahawa, nina furaha zangu, nataka kuona madume wanaoanza kuota pembe. Nikaona majike wawili na watoto wao, nikaona rakuni, halafu nikajiona mwenyewe, naingia na mfuko wangu, na nyuma yangu dungu tupu juu ya ngazi yake. Picha ya pili mimi niko katikati ya uwazi, na dunguni kuna kitu cha rangi ya chungwa. Nikavuta picha karibu. Ni baba, amevaa kizibao chake cha Novemba, cha rangi ya chungwa wanayovaa wawindaji, na kofia yake ya Novemba. Picha ya tatu bunduki iko begani kwake, na mtutu wake unatazama mgongo wangu.

Bi Ottilie, saa imeandikwa chini ya kila picha. Kutoka picha ya tatu mpaka ya nne ni dakika nne, na katika ya nne bunduki bado iko palepale, nami nimeinama kama mjinga, napapasa udongo. Katika ya tano nimegeuka ubavu, na yeye ameilaza bunduki mapajani, amejifunika uso kwa mikono.

Kahawa ilikuwa imemwagika mezani mpaka chini, wala sikumbuki kuigusa.

Nilimfuata kwenye banda la gari, alikuwa ananoa visu vya kuchunia. Nikamwekea kompyuta mbele yake, picha ya tatu ikiwa wazi. Aliitazama sana, halafu akavua miwani.

"Huyo ni mimi," akasema. "Nilikuwa najiambia ni ndoto."

Nikamuuliza aliona nini. Akaniambia polepole, kama mtu anayetaka asikosee, kwamba aliamka kwenye kiti akajua ni asubuhi ya kwanza ya msimu na amechelewa, akachukua bunduki, akaenda, akapanda, na akamkuta jike mnene asiye na mtoto anakula kwenye klova. Kidole chake kilikuwa tayari.

"Mbona hukupiga?" nikamuuliza.

"Alikuwa amenipa mgongo, Corinne. Nimewafundisha nyote, mnyama hapigwi mgongoni, unangoja akupe ubavu. Nikangoja. Akageuka, akawa wewe."

Kisha akalia, mzee ambaye hata kwenye mazishi ya mama hakulia mbele yetu, akanishika mkono akaniomba nisimwambie Curtis, nimwachie Novemba moja tu, moja ya mwisho, halafu ataziuza bunduki mwenyewe. Nikasema sawa baba. Nilisema sawa, Bi Ottilie, kwa mdomo wangu.

Jana Curtis alipiga simu. Binti yake Tessa ametimiza miaka kumi na miwili, amefaulu darasa la usalama wa bunduki, na mwaka huu anaanza kuwinda, akikaa dunguni na babu yake, dungu hilohilo, kwa kuwa babu alimwahidi tangu akiwa na miaka mitano. Wanakuja baada ya wiki mbili, babu aanze kumfundisha kulenga. Nikasema vizuri, karibuni.

Silali. Nimefikiria kuitoa kwa siri pini ya kufyatulia iliyo ndani ya bunduki ya baba, aende nayo porini na asijue kuwa haipigi, apate Novemba yake, mtoto awe salama, na mimi niwe nimetimiza ahadi. Nikimwambia Curtis nimemuua baba, maana bila msimu huu hana kingine. Nisipomwambia, hata kuimaliza sentensi hii siwezi. Nifanye nini?

Aliye kwenye picha

*

BI OTTILIE ANAJIBU

Corinne (majina yote hapa nimeyabadilisha, wasomaji, msihangaike kukisia),

Nina miaka kumi na tisa katika safu hii na sijawahi kumpigia msomaji simu kabla gazeti halijatoka. Wewe nilikupigia, kwa sababu barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye zile dakika nne nilivuta kiti nikakaa. Umeniruhusu kuichapisha, kwa hiyo nitasema hadharani niliyokuambia kwenye simu, maana najua nyumba zaidi ya moja katika wilaya hii ina mzee na kabati la bunduki, na binti anayefunga mikanda upya kimyakimya.

Kwanza pole, na pole hiyo naitoa kwa moyo wote. Umejiona mwenyewe ukiwa mawindo ya baba yako. Ukitetemeka, tetemeka. Asiyetetemeka kwa hilo ningemwogopa.

Sasa nikugombeze. Machi uliona ukacheka. Aprili ngazi iliteleza ukiwa juu yake, na bado ukanyamaza. Macho yako ni mazima, kilichokushinda ni mdomo, na umeuita ukimya huo heshima. Siyo heshima. Ulikuwa unaogopa uso wa baba yako atakapojua kwamba unajua.

Halafu hiyo ahadi. Ulimpa baba yako kitu kisicho chako. Novemba ile ina Tessa ndani yake, na maisha ya Tessa hayakuwa mkononi mwako hata uyagawe bandani kwa sababu mzee analia. Ahadi ya namna hiyo haivunjwi, kwa kuwa haikuwahi kusimama.

Na habari ya pini usiniambie tena. Unataka kumpeleka porini mtu aliyekuwa bingwa wa msitu huo akiwa ameshika kipande cha mti, nyote mkijua ila yeye? Siku atakapovuta kifyatulio kisilie, ataifungua bunduki, kwa kuwa mikono yake bado inajua kazi hiyo, na atagundua aliyeifanya. Hapo ndipo utakuwa umemuua. Zaidi ya hayo, katika kambi ya uwindaji bunduki haziko moja, na unadhani mzee aliyesahau mwezi atakumbuka ipi ni ya kwake?

Umesikia lakini alichokuambia? Angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kusema bunduki haikuwa na risasi. Alivua miwani akakueleza kila hatua, mpaka mahali kidole kilipokuwa. Mtu anayekueleza hivyo amechoka kujilinda peke yake. Mdomo wake uliomba Novemba, lakini maelezo yale yote yalikuwa yanaomba azuiliwe.

Nilikuambia ufanye haya, na nayarudia kwa wengine. Bunduki zote zitoke nyumbani leo, na risasi pamoja nazo, zikae kwa mtu asiyemwonea haya baba yako. Kaka yako apelekewe picha zote tano, maana maneno utayalainisha, picha hazilainiki. Mzee apelekwe kwa daktari, na picha hizo ziende naye, kwa sababu ndani ya chumba cha daktari wazee hawa huchangamka wakataja siku na mwezi bila kukosea. Na funguo za gari je? Hukugusia kabisa jinsi anavyoendesha. Ulipoulizwa kwenye simu ulinyamaza, na ukimya huo nimeusikia.

Wasomaji mtataka kujua ilikuwaje. Corinne alimpigia kaka yake siku hiyohiyo, na Curtis hakungoja wiki mbili, alifika kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Mzee alipoona kabati li wazi na tupu alimwita binti yake msaliti, akamwita Curtis mtoto wa mjini asiyejua kusoma upepo, akatoka akaenda kukaa kwenye gari lake, na funguo hazikuwemo. Alikaa humo saa mbili. Hakuna aliyemfuata, na nadhani walifanya vyema.

Aliporudi ndani alikuwa na neno na Curtis tu. Akamwambia, "Tessa nitamwambia mwenyewe. Msimwambie babu anaumwa. Nitamwambia nilichokiona dunguni."

Na amemwambia. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama shangazi aliogopa. Mzee akajibu kwamba shangazi hakujua, na aliyeogopa ni babu.

Sasa, Corinne, shauri langu la mwisho, maana umeniandikia tena kwamba daktari ameshawapa tarehe ya vipimo, ila baba ana siku ya sita hasemi na wewe, na unauliza kama ulikosea. Hukukosea. Mwache anune. Mpelekee kahawa na uondoke, asipokunywa mpelekee nyingine kesho. Uwazi wa kaskazini umebaki nusu haujapandwa, mwambie Tessa amuulize babu klova ipandwe vipi, na wewe usiwepo. Ana vidole vya kuonyesha na ana miaka sitini ya kujua kulungu hupita wapi, na kwa hilo haihitajiki bunduki. Yale anayoyajua bado yako, chukueni mapema kabla hayajatoka. Novemba ikifika atakaa kambini karibu na jiko la kuni, na pembeni yake akae mtu mzima, zamu kwa zamu, kila siku ya zile tisa. Atakasirika. Mtavumilia.

Na ukishindwa, ukimwona anavyolitazama lile kabati tupu na moyo ukaanza kukushauri kwamba siku moja tu haina neno, basi jua hili. Katika miaka yangu hii kuna barua moja niliyoshindwa kuijibu. Iliandikwa na baba wa familia, mtu mwenye akili timamu, kuhusu mzee wake mwenyewe, na ilikuwa na dalili zote hizi, kupotea, mikanda, kusahau mwezi. Ilikuwa na ahadi pia, ya msimu mmoja wa mwisho. Tofauti na yako ni kwamba yeye aliniandikia mwezi wa Desemba, msimu ukiwa umeshapita.