Punje za Mbao na Chakula cha Kuku

Kaka,

Jiko ulilotutumia, hilo la umeme la kuchomea nyama kwa punje za mbao, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, limenitoa jasho. Nimeliweka uani mbali na ukuta kama ulivyoagiza, majivu nayazoa kila likipoa, mfuniko siufunui ovyo. Jana likafuka moshi mzito unaonuka, nyama ikabaki mbichi na wageni wanaitazama. Nikazima umeme, nikasubiri lipoe, nikachungulia tangi la punje. Baba alikuwa amelijaza chakula cha kuku, kile cha punje. Nikamfokea. Akanijibu polepole, "Kwani si ni kitu kilekile?"

Kaka, baba amefuga kuku miaka thelathini. Chakula chao alikuwa anakijua kwa harufu tu.

Usitutumie kitu kingine. Njoo mwenyewe.

Dada yako, ninayenuka moshi mpaka nywele