Eti Nimepoteza Mdundo

Shoga Zuleide, nimetoka studio ya mtaa sasa hivi. Nasikia kinyaa!

Yule fundi sauti, Adailton, kaniambia NIMEPOTEZA MDUNDO. Mimi! Katika wimbo wa samba wa marehemu mama! "Bibi Dalvina, ni umri tu. Tumwachie mpwa wako arekodi." Huku anatabasamu, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Nimepoteza mdundo, Zuleide. Miaka sitini nakwaruza sahani kwa kisu, ndiyo ala yangu ya samba, na kuimba!

Kweli nilikuwa nayumba. Kila nikiimba, sauti yangu inanifuata nyuma kwenye hedifoni, nami naisubiri. Nikaamua kuipima. Nikakwaruza sahani mara moja, nikanyanyua kisu juu. Kimya... ndipo sahani ikalia masikioni. Kisu kiko hewani!

Nikamvalisha yeye hizo hedifoni, nikarudia. "Haya mjukuu, tegua kitendawili: mimi nimeshafika, sauti yangu bado iko njiani. Nani kachelewa?"

Akaanza kujikuna kichwa. Eti mfumo wa kompyuta yao ni ule wa bure, wa kujirekebishia wenyewe, na mashine ni kuukuu. Sauti ikipita haraka inakatikakatika, basi yeye akaichelewesha makusudi. Alijua! Alijua, na bado akasema umri. Ptuu!

Nikatupa hedifoni mezani. Nikaimba masikio matupu, mara moja, mpaka mwisho.

Unajua kasema nini?

"Safi sana, Bibi. Mdundo umerudi."

Umerudi! Kwani ulikuwa umekwenda wapi?