Hema la shemeji juu ya sahani

Shoga, uko macho? Nimetoka kwa dada sasa hivi, bado nina hasira.

Yule mumewe kajifanya mkuu wa safari yetu ya kulala kwenye mahema ufukweni. Yeye! Mtu ambaye hata neti ya mbu anafungiwa na mkewe!

Kapanga viberiti mezani, eti ndiyo mahema. Changu na wanangu kakiweka ukingoni kabisa, "mlale mkisikia mawimbi." Nikamwambia, shemeji, maji yakijaa yanafika hapo. Akacheka! "Shem, bahari naijua mimi." Kaijulia wapi? Kwenye kalenda?

Mara dada akapiga kikombe kwa kiwiko. Chai ikatiririka, kiberiti changu chapachapa. Cha shemeji kikavu, maana alikipandisha juu ya sahani.

JUU YA SAHANI, shoga!

Nikamwuliza, mbona chako kiko mlimani? Bila haya: "Pale nalinda vyakula."

Mama yetu naye alikuwepo pale mezani. Akachukua kiberiti changu, akakipandisha kwenye sahani. Cha mkwewe akakitumbukiza kwenye chai.

"Baba, bahari si unaijua? Basi utalala nayo."